Figa Chini ya Gurudumu

Gari la baba lilikuwa na breki tatu: ya mguu, ya mkono, na mama. Ya mguu ilikuwa ya kubembelezwa. Ukiikanyaga mara moja inazama kama umekanyaga matope, ukiirudia ndipo inakumbuka kazi yake. Ya mkono ilikuwa pambo, baba alitundikia kofia. Mama ndiye aliyekuwa wa uhakika. Alikaa kushoto kwa baba, jiwe miguuni, na gari likianza kupunguza mwendo kwenye mlima yeye mlango ameshaufungua. Baba akisema "haya", mama yuko chini, jiwe liko nyuma ya gurudumu. Nimekua nikiamini kila gari duniani lina mwanamke na jiwe.

Lile jiwe halikuwa jiwe tu, ni figa. Tena figa la bibi yangu, mzaa mama, ambaye kaya yake iko kwenye vilima vya upande wa Chemba. Uwanja wake umelala upande kama paa la nyumba. Ukiweka chungwa chini linakwenda zake. Nikiwa bado shule ya msingi tulimpelekea bibi magunia ya mtama, baba akaliegesha gari uwanjani, likiwa limetazama juu, sote tukashuka. Bibi alikuwa upande wa chini anasonga ugali nje, maana kiangazi hapikii ndani. Mgongo alikuwa amelipa gari. Basi gari likaanza kurudi nyuma, taratibu, bila mtu ndani, kama linamfuata kumsalimia.

Baba alipiga kelele. Mimi niliganda. Mama hakupiga kelele wala hakuganda. Alikimbia, akapiga teke sufuria, akalichomoa figa motoni kwa mikono yake mitupu, akalisukumiza nyuma ya gurudumu. Gari likapanda nusu ya lile jiwe, likatetemeka, likasimama. Kati ya bampa na mgongo wa bibi ungeweza kupitisha mkono. Bibi akageuka, akatazama gari, akatazama ugali uliomwagika kwenye vumbi, kisha akatazama jiko lake lililobaki na meno mawili.

"Figa langu," akasema.

Hakusema lingine siku nzima. Na baba, Mungu amrehemu, akasema tunaliazima tu ili litufikishe nyumbani, wiki ijayo linarudi. Mama alifungwa mikono kwa kitenge kilichoroweshwa maji, na mpaka leo viganja vyake vina ngozi laini inayong'aa, haina mistari.

Wiki ijayo ile haikufika. Hapa ndipo pananikera hata leo nikikumbuka: tulikuwa tunakwenda kwa bibi kila mara, na figa tunakwenda nalo! Lilikuwa linafika uwanjani kwake kabisa. Ila gari lisingesimama bila hilo, mawe mengine tuliyajaribu yakateleza au yakapasuka, kwa hiyo lilikaa chini ya gurudumu, hatua chache tu kutoka jikoni kwake, halafu tukaondoka nalo. Bibi alikuwa akilitazama kutoka kwenye kigoda chake. Pengo la jiko alikuwa ameliziba kwa tofali, na tofali lilikuwa fupi, kwa hiyo sufuria ilikaa imeinama. Mkono wa kushoto bibi anashikilia sufuria kwa kitambaa, mkono wa kulia anasonga. Mjomba wangu alimletea mawe ya kila aina. Akayakataa yote. Alisema yale matatu aliyachagua mwenyewe sehemu moja alipoolewa, na aliyeliondoa moja kwa mikono yake ndiye atakayelirudisha kwa mikono yake, si kutumwa mtu. Bibi yangu akishasema, amesema.

Kila tukifika, baada ya shikamoo na marahaba, swali lake lilikuwa moja. "Gari halijapona?"

"Bado, mama," mama anajibu.

Na mama tukiwa pale hakuwahi kukaa kwa raha. Hata awe anachambua mlenda, hata awe anacheka na mama yake kwa lugha yao ile ya kupiga ulimi kwenye kaakaa ambayo mimi imenishinda, kiti chake lazima kitazame gari. Hakuwahi kuligeuzia mgongo hata siku moja.

Baba alipofariki, gari tulilifunika turubai nyumbani Miyuji. Kuku wakaligeuza nyumba. Nyonga ya mama nayo ikaanza kumsumbua, akawa anatembea kwa kuegemea fimbo, na safari za kwa bibi zikakatika. Basi linapita lami, ndiyo, lakini kutoka lami hadi kwa bibi ni mawe na korongo, wenye magari ya kukodi wanakataa, na juu ya bodaboda mama hawezi kukaa na nyonga ile. Mwaka jana mjomba akapiga simu. Bibi amedhoofu, hatoki tena nje ya uwanja wake, na kila asubuhi anauliza figa lake limefika wapi.

Mama alisikiliza simu ile akiwa amesimama. Alipomaliza akakaa kitandani akatazama viganja vyake.

"Twende Jumamosi," nikamwambia. "Naliwasha gari. Jiwe nitaweka mimi."

"Hilo gari silipandi."

"Mama, nitaruka mimi na jiwe."

"Wewe utakuwa kwenye usukani. Nani ataruka? Mimi na nyonga hii? Na tukifika tukaliweka tena chini ya gurudumu, tumerudisha nini?" Akafumba viganja. "Nikimpelekea mama yangu figa, nalipeleka jikoni. Gari lijisimamie lenyewe."

Mimi sina subira, hilo niliseme mapema ujue unasafiri na nani. Usiku ule sikusinzia vizuri kwa furaha, kama mtoto aliyeambiwa kesho ni sikukuu, maana kwa mara ya kwanza nilijua hasa kinachotakiwa. Hakuhitajiki gari jipya. Zinahitajika breki.

Fundi wetu ni mtoto wa shangazi yangu, ana gereji yake hapo hapo Miyuji, mdomo wake haujawahi kupumzika. Nilipomwita uani kwetu alitazame gari, akalizunguka, akapiga bodi kwa kidole, akavua kofia.

"Dada, nimetoa heshima za mwisho. Tunazika lini?"

"Nataka lisimame mlimani."

"Linasimama vizuri tu. Angalia, halijasogea tangu msiba."

Nilimrushia kitambaa cha grisi. Lakini alipolala chini yake alitoka akiwa mtu mwingine, macho yanawaka, na mimi nikajua nimempata. Chasisi ni nzima, akasema, ugonjwa ni breki tu. Hizi za dramu viatu vyake vya breki vinabana kwa ndani ya ngoma ya chuma, zikiingia maji ya korongo zimekwisha, zikipata moto zimekwisha. Mbele tufunge diski, sahani za chuma zinazobanwa kwa nje. Tena tuweke busta, lile bati jeusi la duara linalousaidia mguu, maana hapa sasa hivi unakanyaga kwa nguvu za chakula ulichokula. Mabomba yote mapya. Na breki ya mkono tuifufue, waya mpya, kofia ukatundike kwingine.

Hizo diski tulizipata kwenye yadi ya magari yaliyokatwakatwa, zimetoka kwa mdogo wake gari letu, toleo la baadaye. Nilizibeba mapajani kwenye bajaji, nikakataa kabisa kuziweka chini, na dereva akanitazama kwenye kioo njia nzima. Jumatatu ofisini kwenye kikao wenzangu wakawa wananusanusa. Kucha zangu zilikuwa nyeusi na sikuona aibu hata chembe. Bosi anaeleza mipango ya robo mwaka, mimi kwenye pembe ya karatasi nachora kalipa, lile koleo linaloibana diski.

Jumamosi baada ya Jumamosi nilikuwa chini ya lile gari na kanga kichwani. Nikajifunza kufungua nati zilizokula kutu, unazimwagia mafuta unakwenda kunywa chai, ukirudi unazitukana kidogo, ndipo zinaachia. Siku diski zilipokaa mahali pake nilipiga vigelegele peke yangu. Tukarudisha magurudumu, fundi akasukuma gari, gari likagoma. Kumbe kalipa ni nene, inakwaruza rimu kwa ndani. Fundi akaketi kwenye tairi akaanza kucheka.

"Tumelifunga breki za uhakika kabisa. Halitembei."

Tukatafuta rimu kubwa zaidi, tukazipata, zikapita bila kugusa. Masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, hatukuibadilisha. Baba aliifunga mwenyewe si muda mrefu kabla hajafa, ilikuwa bado inang'aa, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kuing'oa.

Siku ya kulijaribu mtaani, mimi kwenye usukani, fundi pembeni. Nikashika kasi barabara ya vumbi, nikataka kupunguza, na mguu wangu ukafanya ulichofundishwa na baba: kanyaga kwa nguvu, achia, kanyaga tena kwa nguvu. Lo! Gari liliinama kama linasujudu, likasimama kabla sijamaliza kukanyaga mara ya kwanza, na fundi akakibusu kioo. Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga aliokota sinia lake akahamia upande wa pili wa barabara.

"Dada," fundi akasema huku anapapasa paji la uso, "hizi breki ni za kuambiwa, si za kupigiwa kelele."

Nilicheka mpaka machozi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, gari limepona, twende Bahi tukanunue mchele, uone mwenyewe. Akakubali, kwa shingo upande, na jiwe akalibeba. Nikaacha, sikutaka ugomvi.

Tulikwenda kama maharusi. Kwenye ule mteremko kabla ya kufika Bahi niligusa pedali kwa kidole gumba cha mguu na gari likatulia, nikamtazama mama, na mama akajifanya anatazama mbuga. Tukanunua mchele. Wakati wa kurudi gari likawa zito, napandisha gia halitaki, halafu pua yangu ikashika harufu ya kitu kinachoungua. Nikasimama kando. Gurudumu la mbele kulia linafuka moshi.

Mama alishuka pole pole, fimbo mkono mmoja, figa kalikumbatia kwa mkono mwingine, akainama na ile nyonga yake, akaliweka nyuma ya gurudumu. Halafu akasimama kando ya barabara akitazama upande wa kwa mama yake. Nilipata hasira ambayo hata sasa inanipanda. Ningeweza kulipiga lile gari mateke, na kusema kweli nililipiga moja.

"Mama, itarekebishika."

"Umri wa mama yangu haurekebishiki," akanijibu.

Tulingoja mpaka gurudumu likapoa, tukarudi polepole.

Fundi aliposikia, hakutania. Alifungua, akanusa, akakaa chini akifikiri, kisha akajipiga paja. Ilikuwa ile masta ya baba. Imetengenezwa kwa ajili ya dramu, akanieleza, na dramu zina springi za kuvuta viatu virudi nyuma, kwa hiyo masta yake hubakiza presha kidogo kwenye bomba ili visilale mbali. Diski hazina springi. Ukizibakizia presha, pedi zinakumbatia diski njia nzima, hazijui kuachia. Ndiyo maana zimeungua. Gari linataka masta ya diski.

Kwa hiyo tatizo halikuwa kwamba breki hazishiki. Tatizo lilikuwa haziachii! Nilihisi moyo unapanda tena, maana kosa likishajulikana halinitishi. Masta ya baba tukaing'oa, nikaisafisha kwa petroli, nikaiweka kabatini pamoja na saa yake. Mpya ikaingia. Kilichobaki ni kutoa upepo, maana ukifungua mabomba hewa inaingia, na mafuta yenye hewa ndani yake hayasukumi kitu. Kazi ya watu wawili: mmoja chini kwenye magurudumu na spana, mwingine kwenye pedali.

Nilikuwa napanda kwenye usukani pale uani kwetu mama alipotoka ndani na fimbo yake.

"Shuka," akasema. "Leo nakanyaga mimi."

"Mama, nyonga."

"Mbovu ni ya kushoto. Breki inakanyagwa kwa mguu gani?"

Fundi akachungulia kutoka chini ya gari. "Wa kulia, mama. Karibu kazini."

Tukampandisha. Maisha yake yote na lile gari hakuwahi kukaa upande ule. Akashika usukani kwa viganja vyake vile vya kung'aa, ingawa hakukuwa na haja ya kuushika, akatazama mbele kama anaendesha. Fundi akaanza na gurudumu la mbali zaidi.

"Kanyaga, mama. Shikilia." Mafuta yanatoka kwenye bomba la plastiki, mapovu tele, yanaingia kwenye chupa. "Achia. Kanyaga. Shikilia."

Mimi nilikuwa naongeza mafuta juu, nikikimbia kumwangalia mama na kurudi. Mwanzoni pedali ilikuwa inazama hadi chini, na uso wake ulikuwa uleule wa barabara ya Bahi. Gurudumu la pili, mapovu yakapungua. La tatu, mama akakunja uso, akasikiliza kwa mguu. Tulipofika la mwisho, fundi akafunga nati, akasema, "Kanyaga tena, mama, mara ya mwisho." Mama akakanyaga. Mguu haukwenda popote. Akakanyaga kwa nguvu zaidi, akajiinua mpaka mgongo ukaachana na kiti.

"Imegoma," akasema.

"Imegoma vipi?"

"Imegoma kushuka. Nimesimama juu yake." Akanigeukia. Nilikuwa sijauona uso ule tangu baba yuko hai. "Mwanangu, nimeisimamia kabisa na haiendi."

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Fundi naye aliingia tena chini ya gari, akakaa huko muda mrefu bila kazi yoyote.

Tulipakia keshokutwa yake, baada ya kupanda na kushuka vilima vya mjini mpaka habu, vile vitovu vya magurudumu, nikizigusa ni vuguvugu tu. Mama akavaa kitenge kipya. Figa hakuliweka miguuni safari hii, alilipakata mapajani, amelifunga kwenye kanga. Lami mpaka Chemba tuliimaliza kwa vicheko, nikamsikia anaimba wimbo wa kanisani nusunusu. Tukaacha lami. Mawe, korongo, mchanga, gari linapanda linanguruma, na kila nikikanyaga breki lilikuwa linanielewa. Vilima vilipoanza mama aliacha kuimba, akalikumbatia figa.

Bibi alikuwa uwanjani kwenye kigoda, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, upande uleule wa chini. Maji yalikuwa jikoni yanachemka, sufuria imeinama vilevile juu ya tofali. Hakukuwa na mahali pengine pa kuegesha, wala hapajawahi kuwapo. Nikasimamisha gari likitazama juu. Nikavuta breki ya mkono. Nikazima injini.

Mguu wangu ulikuwa bado kwenye pedali. Mama alifungua mlango, akashuka na jiwe lake, na mwili wake wote ukageukia nyuma, kwenye gurudumu, kwa ile kumbukumbu ya miaka. Akasimama hapo. Hakuinama.

"Achia," akaniambia.

Nikainua mguu kidogo kidogo. Niliachia wote. Gari halikusogea hata unywele. Tulisubiri, mimi na yeye, tukisikiliza injini inavyolia tiki tiki ikipoa, na gari likabaki limesimama pale kwenye mteremko lenyewe, chini ya gurudumu hakuna kitu.

"Limepona?" bibi akauliza kutoka chini.

"Limepona, mama," mama akasema.

Akatembea kwa fimbo akateremka uwanja, mimi nikimfuata nimenyoosha mikono asije akateleza, na yeye akinikatalia kwa bega. Alifika. Alishika sufuria kwa pindo la kanga akaitua pembeni, akavuta tofali kwa kijiti, akapiga magoti kwa shida, akaliweka figa mahali pake kwa mikono yake. Akalizungusha kidogo. Bibi akamwelekeza kwa kidole, kushoto, hapo. Lilikuwa jeusi upande mmoja tu, upande mwingine lina mkwaruzo wa tairi.

Sufuria ikarudi juu. Ikakaa sawa.

Bibi akatia unga, akachukua mwiko. Mkono wake wa kushoto ukanyooka wenyewe, na kitambaa chake, kwenda kushika sufuria. Ukafika, ukagusa, ukakuta haina haja. Ukabaki hewani kidogo. Kisha ukaja ukashika mwiko, juu ya mkono mwingine, na bibi akaanza kusonga kwa mikono miwili.

Mama akavuta kigoda akakaa karibu naye, mgongo amelipa gari.